Siku Moja kwa Reli ya Umeme: Mtaa wa Arada na Masoko Yake, Addis Ababa

Tangu mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza kwenda kutoka Dar es Salaam hata Morogoro na Dodoma, walimu kadhaa wametuletea swali lililotoka kwa watoto wa shule: je, katika Afrika yetu uko mji ambao treni ya umeme hupita mitaani, watu wakapanda na kushuka kama wafanyavyo katika basi? Uko, wala hauko mbali sana. Ni Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Sisi tuliufikia mwezi wa Oktoba mwaka 2018, walimu watano tuliokwenda mkutanoni, nasi tulikuwa na Jumamosi moja isiyo na kazi. Siku hiyo yote tuliitumia katika mtaa mmoja wa kale uitwao Arada, na katika masoko yaliyotoka ndani yake. Mengi tuliyoyaona siku ile hayapo tena. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya kuandika habari hizi.

Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu wa hesabu, kijana mpole, aliyezaliwa Arada na kusoma Nairobi. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi. Kilituchekesha mara nyingi, na kikatufaa kila mara. Usiku uliotangulia alituagiza tuwe tayari saa moja asubuhi. Mmoja wetu, aliyekwisha kusafiri Ulaya na kusumbuliwa na saa za watu, akamwuliza, "Saa moja ya kwenu au ya kwetu?" Akajibu, "Ni moja tu, ndugu. Jua likishachomoza."

Maana yafaa mjue kwamba Wahabeshi huhesabu saa kama sisi Waswahili: jua likichomoza siku yaanza, na saa moja ni ile ambayo Wazungu huiita saba. Hata neno lenyewe lafanana, kwani wao husema *se'at*. Chai yao ni *shay*, na kahawa ni *bunna*, ambayo kwetu ni buni. Basi mtu wa pwani akifika huko hajihisi mgeni sana, mpaka atakapotazama kalenda. Kwa hesabu yao mwaka ule wa 2018 ulikuwa mwaka 2011, tena mwaka wao una miezi 13. Mmoja wetu alifurahi kuona kwamba amepungukiwa na umri wa miaka saba bila dawa yo yote.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, kwa kuwa mji huo umejengwa juu ya nyanda zilizo zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha, na kando ya barabara yalionekana bado yale maua ya manjano yachanuayo Septemba, wakati wa sikukuu ya Meskel, yaani sikukuu ya Msalaba. Tukaenda kwa miguu hata stesheni iitwayo Stadium, jirani na Uwanja wa Meskel. Kibandani kando ya njia tukanunua tikiti. Nauli ya wakati ule ilikuwa birr 2 kwa safari fupi, birr 4 kwa safari ya kadiri, na birr 6 kwa safari ndefu. Hata mtu wa mshahara mdogo aliweza kuitoa mara mbili kwa siku, na kwa macho yetu hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa la reli hiyo kuliko mwendo wake.

Reli yenyewe ina njia mbili, moja itokayo mashariki kwenda magharibi, na ya pili itokayo kaskazini kwenda kusini, zote pamoja zipata kilomita 34 na stesheni 39. Ilijengwa na kampuni ya Kichina, ikafunguliwa mwaka 2015. Gharama ilikuwa dola za Marekani milioni 475, na katika hizo asilimia 85 zilikuwa mkopo wa benki ya China. Magari hupata nguvu katika waya uliotandazwa juu ya njia. Hayana moshi wala makelele mengi. Sakafu yake iko chini, hata bibi kizee apanda bila kuinua mguu sana. Ya njia ya mashariki yamepakwa rangi ya kijani, na ya kaskazini yana rangi ya buluu. Sisi tulipanda la buluu. Viti vilikuwa vimejaa, tukasimama tukishikilia vyuma, nasi hatukujuta, kwa kuwa aliyesimama huona zaidi.

Kutoka Stadium njia zote mbili huenda pamoja juu ya nguzo, na kwa muda mji wote waonekana chini ya miguu: mabati yenye kutu, minara ya vioo, nguo zilizoanikwa, na miti waliyoifunga mafundi kuwa jukwaa la kujengea ghorofa. Mwenyeji wetu akaanza kututafsiria majina ya stesheni, na hapo ndipo safari ilipotuvutia, maana kila jina lilikuwa na kisa.

Ya kwanza ni Legehar. Jina hili si la Kihabeshi, ni maneno ya Kifaransa, *la gare*, yaani stesheni. Reli ya zamani kutoka Jibuti, yenye urefu wa karibu kilomita 784, ilifika hapo mwaka 1917, na wenyeji wakalitwaa neno la wageni, wakalipinda kwa ulimi wao mpaka likawa lao. Mbele ya jengo hilo la kale yupo simba wa shaba, Simba wa Yuda, aliyesimamishwa mwaka 1930. Jeshi la Kitaliano lilipoingia lilimchukua simba huyu likampeleka Roma, akakaa huko miaka zaidi ya 20 kabla ya kurudishwa.

Inayofuata ni Mexico. Tulishangaa: Mexico ya wapi huku? Mwenyeji akatueleza kwamba Italia ilipoivamia Ethiopia, nchi ya Mexico ilikuwa miongoni mwa zile chache zilizokataa kukubali unyang'anyi huo. Wahabeshi hawakusahau, wakauita uwanja mmoja wa mji wao kwa jina la rafiki huyo wa mbali. Nao watu wa Mexico katika mji wao mkuu wanao uwanja uitwao Etiopía, na stesheni ya treni ya chini kwa chini yenye jina hilo hilo. Basi mtu aweza kupanda treni Mexico iliyoko Ethiopia, na mwingine akashuka Etiopía iliyoko Mexico, wala hawatajuana kamwe.

Tukapita Tegbared, penye shule ya ufundi, na Lideta, penye kanisa la Kuzaliwa kwa Bikira Maria. Hapo njia zaachana: ya kijani yaendelea magharibi, na yetu ikakata kaskazini na kupanda. Darmar, Abnet, Sebategna, Autobus Tera, Gojam Berenda, Atikilt Tera: yote hayo tuliyapita pasipo kushuka, kwa kuwa mwenyeji alitaka tuanzie juu na kurudi chini. "Soko lilishuka hivyo," akasema, "nanyi lifuateni." Hatukumwelewa mpaka baadaye.

Mwishoni gari laingia chini ya ardhi, na stesheni ya mwisho, Menelik wa Pili, imo ndani ya handaki. Tukapanda ngazi, na tulipotokeza nuruni tulimwona Mfalme Menelik mwenyewe, wa shaba, juu ya farasi aliyeinua miguu ya mbele. Sanamu hii nayo iliwekwa mwaka 1930, ikaondolewa na Wataliano walipoutwaa mji, ikarudishwa mwaka 1941 walipokwisha kufukuzwa. Na ng'ambo kidogo ni kanisa kuu la Mtakatifu Georgi, lenye pembe nane, lililojengwa kwa ukumbusho wa vita vya Adwa vya mwaka 1896, ambavyo Menelik na watu wake waliwashinda Wataliano. Kanisa hili lilitiwa moto na jeshi la Italia mwaka 1937, likatengenezwa tena vita vilipokwisha. Vioo vyake vya rangi ni kazi ya Afewerk Tekle, mchoraji mashuhuri wa nchi hiyo. Tulivua viatu, tukaingia. Akina mama waliojitanda *netela* nyeupe walikuwa wamesimama upande wao, paji la uso limegusa ukuta. Hatukukaa sana, maana wao walikuwa katika sala na sisi tulikuwa watazamaji.

Tulipotoka, mwenyeji alituketisha juu ya ukuta mfupi akatuonyesha kwa mkono mteremko ulio mbele yetu. Hapo ndipo lilipokuwa soko la Arada. Mji wenyewe, ambao jina lake maana yake ni Ua Jipya, ulianza mwaka 1886 kwa shauri la Malkia Taitu, mke wa Menelik, naye soko likawekwa karibu na kanisa. Watu walikuja kutoka pande zote kwa nyumbu na punda, wenye nafaka, siagi, asali, pilipili, ngozi na buni. Walinunua kwa dola za fedha zenye picha ya Maria Theresa, zile zile ambazo babu zetu wa Unguja walizijua kwa jina la riale. Na chenji yake ilikuwa miche ya chumvi. Wahindi, Waarabu, Wagiriki na Waarmenia wakajenga maduka kuzunguka soko. Siku kubwa ilikuwa Jumamosi, kama hiyo tuliyokuwa nayo.

Nyanya wa mwenyeji wetu, mzaa mama yake, alikuwa mwuza pilipili hapo, akiwa msichana. Kisha Wataliano wakaja, mwaka 1936. Walichora ramani mpya ya mji, wakatenga mahali pa Wazungu na mahali pa wenyeji. Arada, mtaa wenye hewa nzuri na maduka ya mawe, ukawa wa Wazungu, wakauita *piazza*; na soko la wenyeji likaamriwa kuhamia magharibi, bondeni, likaitwa *mercato indigeno*, maana yake soko la wenyeji. Bibi yule, alivyowasimulia wajukuu, alijitwika kapu lake akashuka kilima pamoja na wengine. Hakuna aliyemwuliza kama ataka.

Wataliano walikaa miaka mitano tu. Lakini majina yao yalibaki, na hata leo Arada ya juu huitwa Piassa, na soko la bondeni huitwa Merkato. Sisi tuliona jambo hili kuwa la ajabu, hata mmoja wetu akasema ni aibu kwa taifa lililomshinda mvamizi kuita mitaa yake kwa lugha yake. Wengine hatukukubali. Je, sisi wa Dar es Salaam hatuna Kariakoo? Neno hilo ni *Carrier Corps* la Waingereza, jeshi la wapagazi waliobebeshwa mizigo na kufa kwa maelfu katika vita vya kwanza vya dunia; na leo hakuna anayekwenda Kariakoo kununua kitenge akijiona anatumia neno la mkubwa fulani wa Kiingereza. Neno likishatumiwa na akina mama wa sokoni miaka 80, limekwisha kuwa lao. Mabishano hayo yalituchukua njia yote, wala hayakwisha.

Tukazunguka Piassa kwa miguu. Nyumba zilikuwa za kale, nyingine za mawe na roshani za mbao zilizochongwa, nyingine zimeinama hata mtu aogope kupiga chafya karibu yake. Yalikuwapo maduka ya masonara yaliyopangana mlango kwa mlango, yenye misalaba ya fedha na vidani. Iko hoteli yenye jina la Malkia Taitu, hoteli ya kwanza katika nchi, ambayo sehemu yake iliungua Januari 2015. Tukanywa kahawa tukiwa tumesimama, kama wafanyavyo wenyeji. Mama yake mwenyeji wetu alikuwa akikaa katika uchochoro nyuma ya maduka hayo, chumba kimoja na sebule, na ua wa kupikia walioshirikiana jamaa sita. Alitukaribisha, akatandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga buni mbele yetu, akaisaga, akaipika mara tatu katika birika la udongo, kama ilivyo ada yao. Tulipokula, alikata kipande cha *injera*, akakichovya katika mchuzi wa kunde, akakitia kinywani mwa mkubwa wetu kwa mkono wake mwenyewe. Mkubwa wetu ni mtu wa heshima zake, naye alishtuka. Lakini mwenyeji akasema hiyo ni *gursha*, ishara ya upendo, na kukataa ni vibaya; tena ya kwanza haitoshi. Akalishwa mara tatu kama mtoto mchanga, na sisi tukimtazama tukabana midomo tusicheke.

Kutoka hapo tuliteremka kwa miguu hata penye sanamu ya Abuna Petros. Msomaji Mkristo hawezi kupita hapa upesi. Petros alikuwa mmoja wa maaskofu wanne wa kwanza wa Kihabeshi, waliowekwa mwaka 1929. Kabla ya hapo askofu wao alitoka Misri sikuzote. Wataliano walipoingia walimtaka awaambie watu wake watii na kuwalaani wapiganao. Akakataa, naye akapigwa risasi hadharani mwezi wa Julai 1936. Sanamu yake ilisimama hapo miaka mingi. Mwaka 2013, reli hii tuliyoipanda ilipokuwa ikichimbiwa njia, sanamu iling'olewa ikawekwa katika jumba la makumbusho, na watu wengi walinung'unika, wakaogopa kwamba haitarudi. Ilirudi Januari 2016. Tulimkuta mahali pake, na treni ikipita karibu na miguu yake.

Hapo tulisimama kitambo. Hatukuja kuisifu reli wala kuilaumu, tulikuja kuipanda. Lakini ni kweli kwamba reli humwunganisha mtu wa mbali, na papo hapo humtenga jirani. Penye nguzo watu hupita chini yake bila taabu. Bali inapokwenda ardhini imezungushiwa ukuta na seng'enge, na mwenye duka upande huu akitaka chumvi ya upande ule huzunguka mwendo mrefu. Mwenyeji alituonyesha vijana waliokuwa wakiruka. Hatukuwalaumu sana, wala hatukuwaiga.

Atikilt Tera maana yake ni safu ya mboga. *Tera* ni safu, au mahali pa watu wa kazi moja. Siku ile kulikuwa na vilima vya vitunguu, kabichi na nyanya, matope hata vifundoni, na vijana wenye magunia mgongoni waliokwenda mbio kana kwamba wanafukuzwa. Soko hili la mboga nalo liliondolewa mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ili watu wasisongamane. Likapelekwa uwanja wa Jan Meda, na baadaye kusini mwa mji. Kwa hiyo jina la mboga limebaki katika stesheni, na mboga hazipo.

Kisha tukapanda tena gari, stesheni mbili tu, dakika chache, tukashuka Autobus Tera, na mara tukawa ndani ya Merkato. Ndipo tulipoelewa neno la mwenyeji: mwendo ule wa dakika chache ndio ule ule ambao soko lilifukuziwa.

Watu husema Merkato ni soko kubwa kuliko yote ya Afrika. Hatukulipima, lakini miguu yetu ilisadiki. Kila tera ina kazi yake. Katika tera ya nguo, *shema tera*, mafundi wameketi kati ya mikunjo ya pamba nyeupe. Katika tera ya pilipili hewa yenyewe ni nyekundu, na wote watano tulipiga chafya kwa zamu, wauzaji wakatucheka kwa furaha. Punda wapita katikati ya watu na mizigo ya mikeka. Msikiti mkubwa wa Anwar na kanisa la Raguel vimekaribiana, hata mwenye kutoka huku hukutana na mwenye kutoka kule, wote wakiuliza bei ya sufuria ile ile.

Lakini mahali tulipokaa kuliko pote ni Minalesh Tera. Jina lake ni swali: Una nini? Huko ndiko huishia kila kilichotupwa mjini. Asubuhi vijana huzunguka mitaani wakipiga kelele "*Qorale!*" wakanunua mlangoni kwako kopo tupu, kiatu kibovu, nondo iliyopinda, chupa. Jioni huvileta hapa. Tuliona pipa la mafuta likikatwa na kugongwagongwa mpaka likawa jiko. Tuliona tairi likigeuka kuwa makubadhi. Tuliona mtu mmoja aliyekuwa akinyoosha misumari iliyotumika, mmoja mmoja, juu ya kipande cha chuma cha reli. Tulimwuliza kwa kinywa cha mwenyeji anapata ngapi kwa siku. Akasema, misumari ngapi au fedha ngapi? Tukasema vyote viwili. Akacheka, akajibu la misumari tu: hakuwahi kuihesabu. Mwalimu wetu wa ufundi alinunua jiko, akalibeba siku yote kwapani, na nyumbani kwake lapika maharagwe hata leo.

Saa kumi na moja jioni tulikwenda stesheni ya Sebategna turudi. Jina hilo maana yake ni ya saba. Umati ulikuwa mkubwa, tukaliacha gari la kwanza na la pili, tukaingia la tatu kwa kusukumwa. Karibu nasi alisimama mama mmoja na furushi la pamba kichwani, na wengine wakashika furushi lile kwa mikono, huyu upande huu, huyu upande ule, lisije likaanguka, hakuna aliyewaomba. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya Lideta, na mabati yote ya mji yakawa mekundu.

Tangu siku ile tumeandikiana barua na mwenyeji wetu. Habari zake hazikuwa njema zote. Katika miaka iliyofuata treni nyingi kati ya 41 zilizonunuliwa zilisimama kwa kukosa vipuri, na watu wakazidi kusongamana katika zile chache zilizobaki. Mwezi wa Februari 2024 lilifunguliwa Piassa jumba kubwa la ukumbusho wa ushindi wa Adwa. Mwezi uliofuata nyumba nyingi za kale za Piassa zilianza kubomolewa ili barabara zipanuliwe na mtaa utengenezwe upya, na jamaa nyingi zikahamishiwa pembezoni mwa mji. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo moto mkubwa uliteketeza maduka ya Merkato upande wa tera ya nguo.

Uchochoro ule tuliokunywa kahawa haupo. Mama yake alipewa chumba katika ghorofa, nje kabisa ya mji, chenye maji ya bomba na choo chake mwenyewe, mambo ambayo hakuwa nayo Piassa. Mwanawe alitaka tulijue hilo pia, ili tusidhani kwamba alipoteza tu. Wale jamaa sita wa ua mmoja wametawanywa, wengine hawajui wengine walikopelekwa. Birika la udongo lilivunjika katika kuhama. Tena mama amekataa kubadili kanisa. Kila Jumapili hutoka saa tisa usiku, hupanda mabasi mawili, afike Mtakatifu Georgi kabla ngoma hazijaanza, asimame mahali pake ukutani. Mwanawe amemwambia kwamba kuna kanisa jipya karibu na ghorofa, dakika kumi kwa miguu. Yeye humwuliza: na akina mama wenzangu watanitafuta wapi?